Kabla ya kujaza fomu ya uzamili wa biashara: nasaha kwa familia za Katavi



Leo tunazungumzia jambo ambalo zamani lilikuwa la watu wachache wa Dar es Salaam na Arusha, na ambalo sasa limeingia katika nyumba za Mpanda, Inyonga, Karema na Majimoto. Ni jambo la kijana mwenye shahada ya kwanza kutaka kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ambayo wengi huijua kwa herufi zake tatu za MBA.

Kila vyuo vinapotangaza udahili, maswali huwa mengi baada ya swala. Mzazi huuliza kama ni halali kuuza kiwanja cha familia ili mtoto mmoja aendelee na masomo. Mwalimu wa sekondari huuliza kama achukue mkopo wa benki. Kijana huuliza kama kuna kosa kumlipa mtu amwandikie barua ya maombi. Ukiyatazama maswali haya utaona kwamba fomu ya chuo ni sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni mali, amana na ukweli.

Kwa hiyo, yapasa familia ijibu maswali matatu kabla ya mwombaji kushika kalamu. Elimu hii ni ya nini? Italipwa kwa fedha ya nani? Na je, yatakayoandikwa katika fomu ni kweli? Anayeweza kuyajibu matatu haya mbele ya wazazi wake, ombi lake limekwisha kupata nusu ya nguvu. Asiyeweza, ni heri asubiri mwaka mmoja.

Elimu hii ni ipi?

Shahada hii ilianza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1908. Lengo lake lilikuwa kumfundisha mtu aliyekwisha kusoma fani nyingine namna ya kuendesha shughuli: hesabu za fedha, masoko, watu, uzalishaji, sheria na mipango. Ndiyo maana hata leo mhandisi, muuguzi, mwalimu au bwana shamba anaweza kuiomba. Hailazimu awe amesoma biashara katika shahada ya kwanza.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitivo cha biashara mwaka 1979, na kitivo hicho ndicho kilichokuja kuwa Shule Kuu ya Biashara. Mzumbe, iliyokuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo tangu mwaka 1972, ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Arusha kuna taasisi ya ESAMI inayohudumia nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Hivyo elimu hii si ngeni nchini.

Wala si ngeni kwa Muislamu. Bibi Khadija (RA) alikuwa mfanyabiashara wa Makka aliyewakabidhi watu mali yake waende nayo Sham kwa makubaliano maalumu, na alimchagua Mtume (SAW), kabla ya kupewa utume, kwa sababu ya uaminifu wake. Sahaba Abdurrahman bin Auf (RA) alipohamia Madina hakutaka kuishi kwa mali ya mwenyeji wake. Aliomba aonyeshwe soko. Imamu Abu Hanifa, aliyeasisi madhehebu makubwa ya fiqhi, alikuwa muuza vitambaa mjini Kufa. Watu hawa walijua bei, vipimo, mikataba na usafirishaji. Kutafuta elimu ya mambo hayo ni jambo jema, muradi mtafutaji ajue anakwenda kuitumia wapi.

Katavi inahitaji nini?

Hapa ndipo waombaji wengi hukwama. Wanapoulizwa kwa nini wanataka kusoma, hujibu kwamba wanataka kupanda cheo. Kupanda cheo si dhambi, lakini jibu hilo halimsaidii anayesoma fomu, wala halimsaidii mwombaji mwenyewe kujua achague masomo gani.

Tuutazame mkoa wetu. Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, makao makuu yakawa Mpanda. Ni mkoa wa mahindi, mpunga, alizeti, tumbaku, pamba, mifugo, asali na dhahabu ya wachimbaji wadogo. Una Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ambayo wageni hutoka mbali kuja kutazama viboko na nyati wake. Una mwambao wa Ziwa Tanganyika na bandari ya Karema, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, zikiwemo bandari za Kalemie na Moba. Una reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ule ulifungwa zamani, lakini reli ilibaki na watu wakaitumia kwa nafaka na safari zao. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinavyozunguka milima ya Ntakata vinapata fedha kwa kulinda misitu kupitia biashara ya hewa ya ukaa.

Kila kimoja kati ya hivi kina swali la biashara ndani yake. Asali ya Mlele inauzwa kwa ndoo kwa mchuuzi anayekuja na bei yake. Je, ingeuzwaje kama ingechujwa, ingepimwa ubora na kufungashwa hukohuko Inyonga? Mpunga wa Mpimbwe ukivunwa wote kwa mwezi mmoja bei huanguka. Nani atagharamia ghala ili mkulima asubiri miezi minne? Mfanyabiashara wa Karema anayevusha mahindi kwenda Kongo anapokea fedha ya nchi nyingine. Anajikingaje dhidi ya kupanda na kushuka kwa thamani yake? Kijiji kilichopokea mamilioni ya hewa ya ukaa kinahitaji mtu anayejua kutunza vitabu, kwani waliotutangulia walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwombaji anayechagua swali moja kati ya haya, akalijua kwa undani, akaweza kueleza amelifanyia nini mpaka sasa na anakosa elimu gani ili aendelee, huyo anajua anakwenda kusoma nini. Ataangalia orodha ya masomo ya kila chuo na kuona kama kuna somo la fedha za kilimo, la usafirishaji, au la ushirika. Asiyekuwa na swali huchagua chuo kwa jina lake tu, na aghalabu hurudi na cheti asichojua pa kukianzia kazi.

Chuo kipi, na kwa utaratibu gani?

Mkazi wa Mpanda hana budi kutazama ramani. Madarasa ya jioni na ya mwisho wa wiki, ambayo vyuo vya Dar es Salaam huwawekea wafanyakazi, yanamfaa anayeishi Dar es Salaam. Kwa mtu wa Mpanda, hata kama siku hizi barabara ya Tabora ina lami, kwenda na kurudi kila wiki haiwezekani. Amebakiwa na njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubaki nyumbani na kusoma kwa masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kina vituo mikoani, Katavi ikiwa miongoni mwa mikoa hiyo, na kinatoa shahada za uzamili za biashara. Faida yake ni kwamba kazi na familia haviachwi. Ugumu wake ni kwamba hakuna wa kukuamsha. Wengi huanza na hawamalizi, kwa sababu masomo ya masafa humtaka mtu ajiwekee ratiba kama anavyojiwekea ratiba ya swala.

Njia ya pili ni kuhama kwa muda: kwenda Mbeya, ambako Mzumbe ina kampasi, au Morogoro, Arusha, Dar es Salaam. Hii inahitaji ruhusa ya mwajiri. Mtumishi wa umma anapaswa kupata ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka, na ni vema jina lake liwemo katika mpango wa mafunzo wa ofisi yake. Anayeondoka kwa maneno ya mdomo ya mkubwa wake anahatarisha ajira yake, kwani mkubwa huyo akihamishwa hatabaki shahidi.

Njia ya tatu ni nje ya nchi. Kwa jirani kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, ambacho kina pia kampasi ya wanawake Kabojja, Kampala. Malaysia kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, kilichoanza mwaka 1983, na chuo cha INCEIF cha fedha za Kiislamu, kilichoanzishwa mwaka 2005. Uturuki hutoa ufadhili wa serikali uitwao Türkiye Bursları, ambao kwa shahada ya uzamili humtaka mwombaji awe chini ya miaka 30, na kuuomba hakuna malipo. Uingereza hutoa ufadhili wa Chevening kwa shahada ya mwaka mmoja. Humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 na arudi nchini kwao kwa miaka 2 baada ya kuhitimu, na huweka kikomo cha ada kwa masomo ya MBA. Dirisha la Uturuki kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na la Chevening huanza Agosti na kufungwa mapema Oktoba.

Baadhi ya vyuo vya Ulaya na Marekani hutaka mtihani wa GMAT. Mtihani huu, katika sura yake mpya iliyoanza mwaka 2023, huchukua saa 2 na dakika 15, alama zake ni kati ya 205 na 805, na matokeo yake hudumu miaka 5. Vyuo vingi hutaka pia mtihani wa Kiingereza, kama IELTS au TOEFL, ambao matokeo yake hudumu miaka 2 tu. Basi asifanye mtu mtihani wa Kiingereza leo kwa ombi la miaka mitatu ijayo.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, angalia orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005. Chuo cha ndani kiwe kimeruhusiwa, na programu yenyewe iwe imeidhinishwa. Kwa chuo cha nje, uliza mapema kama shahada yake itatambuliwa utakaporudi. Wapo watu waliolipa mamilioni kwa vyuo vya mtandaoni vyenye majina makubwa, wakarudi na karatasi isiyowafaa popote.

Nyaraka na jambo la majina

Vyuo vingi vya nchini huanza kumpokea mwombaji wa uzamili mwenye shahada ya kwanza ya daraja la pili, yaani wastani wa alama, maarufu kama GPA, usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5. Aliye chini ya hapo asikate tamaa. Zipo stashahada za uzamili ambazo, akizifaulu vema, humfungulia mlango. Mwombaji ataulizwa cheti cha shahada, nakala ya matokeo ya masomo yote, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, wasifu wake, majina ya wadhamini, na uthibitisho wa malipo ya maombi. Vyuo vya umma hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ambayo wengi huiita kontrol namba. Anayekutaka umtumie fedha ya maombi kwa simu yake binafsi ili akupatie nafasi, huyo jihadhari naye.

Kuna jambo moja linalowasumbua Waislamu kuliko wengine, nalo ni tahajia ya majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, cha kidato cha nne Mohamed, cha chuo Mohammed, na kitambulisho cha Taifa kinasema vinginevyo. Ramadhani anageuka Ramadhan. Binti aliyesoma kwa jina la baba yake anaolewa na kuanza kutumia la mumewe. Aliyesilimu ana jina jipya msikitini na la zamani katika vyeti. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba hao ni mtu mmoja.

Ni vigumu kulibadili jina ambalo tayari limo katika vyeti vya mitihani. Kwa hiyo mwombaji achague tahajia iliyo katika vyeti vyake vya mtihani, aitumie kila mahali, na kwa tofauti zilizopo apate kiapo cha majina mbele ya wakili, na pale chuo kinapotaka, hati iliyosajiliwa serikalini. Wazazi nao waanze mapema. Jina la mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza leo liandikwe sawasawa na lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa.

Jambo hili lina uzito zaidi Katumba na Mishamo. Makazi hayo yalifunguliwa miaka ya 1970 kwa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania, vyeti vyao vikianza kutolewa mwaka 2014. Kijana wa huko anayeomba ufadhili unaotaka uthibitisho wa uraia atahitaji nakala ya cheti chake au cha mzazi wake. Kisikae katika sanduku linalovuja. Kitolewe nakala, kithibitishwe na wakili, kihifadhiwe.

Barua ni ushahidi

Sasa tuje katika kiini cha ombi. Vyuo vingi hutaka maelezo ya mwombaji mwenyewe: wewe ni nani, umefanya nini, kwa nini chuo hiki, utafanya nini baadaye. Vijana wengi hulijaza eneo hili kwa maneno makubwa waliyoyaokota: kwamba wao ni viongozi wa kuzaliwa nao, wenye ndoto ya kuibadilisha dunia. Msomaji wa fomu amekwisha kuyasoma maneno hayo mara mia.

Tuchukulie mfano. Mwombaji wa kwanza anaandika kwamba ana shauku kubwa ya ujasiriamali na uongozi. Wa pili anaandika kwamba kwa miaka 3 ametunza hesabu za chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga; kwamba alipofika alikuta madeni yameandikwa katika madaftari manne yasiyolingana; kwamba aliyaunganisha, akagundua wanachama kadhaa wanadaiwa mara mbili, akarekebisha; na kwamba sasa wanachama wanataka ghala, naye hajui namna ya kupima kama ghala hilo litajilipa. Huyu wa pili hakujisifu hata mara moja, lakini kila anayesoma anajua kwamba ni mtu wa kazi. Katavi ina watu wengi kama huyu wa pili, ila hawajui kwamba kazi yao inastahili kuandikwa.

Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha unayofikiria nayo, kisha ulete maana ile katika Kiingereza chepesi. Mpe mwalimu wa Kiingereza akusahihishie sarufi. Kusahihishiwa si udanganyifu. Kinachokatazwa ni kumlipa mtu, au kuiamuru mashine ya akili mnemba, itunge maisha ambayo hukuyaishi. Ukiitwa kwenye usaili ukaulizwa juu ya hilo ghala, mashine haitakuwepo kukujibia. Na hata kama usaili haupo, Muislamu anajua kwamba ushahidi wa uongo umehesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa, na kwamba maelezo yaliyotiwa saini ni ushahidi.

Serikali nayo imekwisha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwezi Aprili 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana watoto shuleni. Cheti kimoja cha uongo kilitosha kuibomoa nyumba iliyojengwa kwa miaka yote hiyo.

Wadhamini nao wanahusika. Mwandishi wa makala haya ameombwa barua nyingi za udhamini, na mara nyingi mwombaji huja siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, akiwa na barua aliyokwisha kujiandikia, akitaka saini tu. Barua ya namna hiyo haimsaidii mwombaji, kwani haina jambo lolote analolijua mdhamini. Mchague mtu aliyeiona kazi yako: mwalimu aliyesimamia utafiti wako, mkuu wako wa kazi, mwenyekiti wa ushirika. Mwendee mwezi mzima kabla. Mpe wasifu wako na umkumbushe kazi mlizofanya pamoja. Na mdhamini asiyekufahamu vizuri ana haki ya kukataa. Akikataa kwa upole, amekufanyia wema.

Fedha ya nani?

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa sehemu kubwa imewalenga wa shahada ya kwanza. Mwombaji wa uzamili asiiweke katika hesabu zake, bali akumbuke kwamba huenda bado anaidai nafsi yake deni la kwanza. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba, ilifutwa mwaka 2021. Lakini makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaliyowekwa mwaka 2016, yapo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtumishi ana mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Asilimia 15 ya Bodi ni 135,000. Hifadhi ya jamii asilimia 5 ni 45,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 27,000. Kodi ya mapato ni kama 92,000. Anabakiwa na takriban 601,000. Sasa tuseme masomo yake yatagharimu shilingi 8,000,000 kwa ada, vitabu na safari, na hii si ada ya chuo chochote maalumu bali ni tarakimu ya mfano. Akitaka kulipa kwa miezi 24, hata bila riba, ni kama 333,000 kila mwezi. Atabakiwa na 268,000, ambayo iko chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Utaratibu wa utumishi wa umma hauruhusu makato yavuke hapo. Akiyagawa kwa miezi 36 ni kama 222,000, naye atabakiwa na 379,000 za kula, kodi ya nyumba, karo za watoto na wazee wa kijijini. Ongeza riba, uone hali itakavyokuwa.

Mume aifanye hesabu hii pamoja na mkewe, kwa kalamu, kabla ya ombi na si baada ya barua ya udahili kufika. Furaha ya barua humfanya mtu asahau kujumlisha.

Kwa Muislamu, mkopo wenye riba si njia. Lakini njia nyingine zipo. Kwanza ni kuahirisha mwaka mmoja au miwili na kuweka akiba. Pili ni ufadhili wa mwajiri au wa nchi za nje tulizozitaja. Tatu ni kulipa kwa awamu, kwani vyuo vingi hukubali ada igawanywe. Nne ni benki zinazofuata sharia: Amana Bank ilianza mwaka 2011, na benki nyingine, kama CRDB kupitia huduma yake ya Al Barakah iliyoanza mwaka 2021, zimefungua madirisha ya namna hiyo. Uliza kwa maandishi kama wanagharamia ada ya masomo, kwa mkataba gani, na nini hutokea ukichelewa kulipa. Tano ni mkopo mwema, qardh hasan, kutoka kwa ndugu.

Mali ya familia

Katika njia hii ya ndugu kuna mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni kutoandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ami akitoa shilingi milioni mbili, iandikwe: ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika katika biashara itakayoanzishwa? Wasipoandika, baada ya miaka mitano ami atasema alikopesha na kijana atasema alipewa, na udugu utavunjika.

Mtego wa pili ni kumpendelea mtoto mmoja. Baba akiuza ng'ombe kumi au kiwanja cha Makanyagio kwa ajili ya uzamili wa mtoto mmoja, ilhali wengine hawajapata hata ufundi, moyoni mwao kutabaki jeraha. Tunaijua habari ya Nu'man bin Bashir (RA), ambaye baba yake alimpa zawadi peke yake, na Mtume (SAW) akakataa kuishuhudia alipojua kwamba ndugu zake hawakupewa mfano wake. Maulamaa wametofautiana kama usawa huu ni wajibu au ni sunna iliyotiliwa mkazo, na wametofautisha zawadi na matumizi ya lazima. Lakini shahada ya uzamili kwa mtu mzima mwenye kazi ni vigumu kuiita matumizi ya lazima. Usalama ni kuwaita watoto wote, kuwaeleza, na kuifanya iwe mkopo au kuwawekea wengine sehemu yao.

Mtego wa tatu ndio mbaya zaidi: kutumia mirathi isiyogawanywa. Baba amefariki, nyumba ipo, mayatima ni wadogo, na kaka mkubwa msomi anataka kuweka nyumba rehani ili akasome, akiahidi kuwainua wote baadaye. Ahadi hiyo haimhalalishii kugusa haki ya yatima. Mirathi igawanywe kwanza. Kisha atumie fungu lake apendavyo.

Mabinti na wake

Baadhi ya familia huwa tayari kuuza shamba kwa mtoto wa kiume, lakini binti mwenye alama bora zaidi huambiwa shahada moja inamtosha. Tumekwisha kumtaja Bibi Khadija (RA). Wasiwasi wa wazazi juu ya safari na makazi ni wa haki, nao una majibu: masomo ya masafa akiwa Mpanda, kampasi za wanawake, au kukaa kwa ndugu wa karibu katika mji wa chuo. Aliyeolewa na akubaliane na mumewe mapema, na ikiwezekana jambo hili liwekwe wazi wakati wa posa. Vyama vya akina mama vya kukopeshana na kuuza nafaka ni vingi Katavi, na vinahitaji wenye elimu hii.

Mwisho wa maneno

Muda wa kujiandaa usipungue mwaka. Miezi ya kwanza ni ya kuchagua swali na chuo, na kurekebisha majina. Inayofuata ni ya mitihani, ikihitajika, na kuwaendea wadhamini. Kisha ndipo huja kuandika, na kuandika upya. Ombi litumwe wiki mbili kabla ya mwisho, kwa sababu umeme hukatika na mtandao huelemewa siku za mwisho.

Kabla ya kutuma, ushauriane na watu watatu: aliyesoma masomo hayo, anayejua hali ya fedha yako, na mzazi au mlezi wako. Kisha uswali rakaa mbili za istikhara. Ukikubaliwa, mshukuru Mwenyezi Mungu na ukumbuke ulichoandika kwamba utakifanya, kwa sababu wakulima wa Mpimbwe na wafuga nyuki wa Inyonga wametajwa ndani yake. Ukikataliwa, vyuo vingine hueleza sababu ukiuliza kwa adabu. Uliza, rekebisha, omba tena. Mwaka uliotumia kujiandaa kwa ukweli umekwisha kukufundisha biashara yako kuliko ulivyoijua mwanzo.

Wabillahi tawfiq.